Kujitolea Msitu wa Karura: kitalu kwanza, lantana ya pili, kupanda miti mwisho

Mtu akisema anakwenda kujitolea Karura, karibu kila mara anachowaza ni kupanda mti, kupiga picha na kurudi nyumbani. Kazi hiyo ipo, na ni njema ikifanywa kwa wakati wake. Lakini kati ya kazi tatu kubwa za kurudisha msitu wa asili, yaani kulea miche kitaluni, kung'oa kichaka vamizi kiitwacho lantana, na kupanda, kupanda ndiyo kazi fupi kuliko zote na ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote. Tathmini hii ni ya mtu mwenye asubuhi moja, muda wa saa nne hivi, anayetaka saa hizo ziufae msitu kweli.

Kwanza mahali penyewe. Karura ina hekta 1,000 na ushei kaskazini mwa Nairobi, kati ya Limuru Road na Kiambu Road, na ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Sehemu kubwa ilikuja kupandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, mikaratusi ikiwa kuni za treni za mvuke. Miaka ya 1990 vipande vya msitu vikagawiwa watu binafsi, na tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa langoni walipokwenda kupanda miti. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango wa vyama vya kijamii kushirikiana na serikali, na kwa mlango huo Friends of Karura wakaanza kuuangalia msitu pamoja na Kenya Forest Service. Uzio wa umeme ukajengwa, njia zikafunguliwa, na watu waliokuwa wakiogopa hata kupita pembeni sasa wanatembea humo na watoto.

Kwa hiyo hapa vita vya ardhi vimefuatwa na kazi ya mimea. Mikaratusi inaondolewa kidogo kidogo na miti ya pale pale inarudi: muhugu, mukinduri, muthiga, mutamaiyu, muiri, muringa, muu, murarachi, muthengera. Majina mengi kati ya hayo ni ya Kikuyu, na ndiyo yanayotumika kazini, kwa hiyo yajifunze hayo kabla ya ya Kilatini. Ukisema "Croton megalocarpus" utaeleweka, lakini ukisema "mukinduri" utaonyeshwa mti.

KITALU

Hii ndiyo kazi ya kuchagua kama una uhuru wa kuchagua. Haina kelele, inafanyika kivulini, mtoto na bibi wanaiweza, na kosa lako linaweza kurekebishwa hapo hapo kabla halijawa mti mbovu.

Utaanza kwa kujaza viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kukuzia miche. Mchanganyiko wa kawaida unaofaa miti mingi ya huku ni sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ikiwa bado inanuka au ina joto ukiingiza mkono, haijawa tayari. Udongo uwe na unyevu kidogo: ufinye kwenye ngumi, ukifungua mkono ushikane, ukiugusa uvunjike. Ukiwa mkavu unamwagika nje kupitia matundu ya kiriba, na ukiwa tope unagandamana ukikauka kama tofali. Jaza nusu, gongesha kiriba chini mara mbili, bonyeza pembe za chini kwa vidole, kisha jaza hadi mdomoni. Kiriba kilichojazwa robo tatu hujikunja mdomo, maji yakakosa njia ya kuingia, na mche hufa kwa kiu huku ukimwagiliwa kila siku.

Mbegu ndipo penye elimu yenyewe, na hapa kila mti una tabia yake. Muthiga na muiri hazipendi kukaushwa: mbegu ikianikwa juani ili "ihifadhike", inakufa. Nyama ya tunda huondolewa kwa kusugua na maji, na mbegu hupandwa zikiwa bado mbichi. Mukinduri nao ni bora zikipandwa mapema, maana zina mafuta mengi na hupoteza nguvu zikikaa. Mutamaiyu ina kokwa ngumu. Ikipandwa ilivyo utangoja hadi usahau, kwa hiyo hupasuliwa ganda kidogo kwa koleo bila kuuponda moyo wa ndani. Muhugu ndiyo inayovunja watu moyo. Ni mti ule ule ambao wachongaji wa vinyago waliuwinda kwa miaka mingi, unakua polepole, na sehemu kubwa ya mbegu zake huwa tupu au zimeshaliwa na wadudu. Kwa hiyo mbegu zake hutawanywa nyingi, zikaribiane, juu ya mchanga safi, na anayeona mche mmoja hapa na mwingine pale asidhani alikosea.

Kisha inakuja hatua ambayo mgeni akiipata vizuri amelipa nauli yake: kuhamisha miche midogo kutoka kwenye sinia la mchanga kwenda kwenye viriba. Mwagilia sinia kwanza. Chukua kijiti kilichochongwa mfano wa penseli, kichome pembeni ya mche, inua mchanga wote kutoka chini. Mche ushike kwa jani, usiushike kwa shina. Jani likikatika litatoka jingine, shina likibonyezwa ndiyo basi. Toboa shimo katikati ya kiriba lenye kina kuliko urefu wa mzizi. Sasa angalia kwa karibu, maana hapa ndipo panapoamua: mzizi mkuu ni uzi mweupe, pengine urefu wa kidole, na ukiusukuma ndani ya shimo fupi, ncha yake inapinda na kurudi juu kama ndoana. Juu huoni kitu. Mche utasimama, utatoa majani, utapita kwenye ukaguzi, utapandwa. Mwaka wa pili au wa tatu utadumaa, au upepo utauangusha, na ukiung'oa utaikuta ndoana ile ile, sasa nene kama kidole gumba. Dawa yake ni nyepesi: ingiza mche ndani zaidi ya inavyotakiwa, kisha uvute juu taratibu mpaka shingo ilingane na udongo, mzizi unanyooka wenyewe. Kama mzizi ni mrefu mno, ukate ncha kwa ukucha. Bonyeza udongo kutoka pembeni, usibonyeze kutoka juu. Viriba 100 vilivyofanywa hivyo vinashinda 300 vilivyokimbizwa.

Kazi nyingine za kitalu hazina maneno mengi. Kupalilia viriba ni kwa vidole, magugu yakiwa bado madogo. Kukata mizizi hufanywa kila baada ya wiki nne hadi sita: kiriba huinuliwa, mizizi iliyopenya chini hukatwa kwa kisu kikali, kisha miche humwagiliwa, ifanywe asubuhi na mapema au jioni, kamwe si saa sita. Kuhusu maji, wageni wengi huua kwa wema. Miche michanga ikimwagiliwa mno na kuwekwa kwenye kivuli kizito huoza shingo, ikalala chini yote kwa siku mbili kama iliyokatwa na wembe. Mwezi wa mwisho kabla ya kupelekwa shambani maji hupunguzwa na kivuli huondolewa, ili miche izoee shida.

LANTANA NA WAVAMIZI WENZAKE

Kazi ya pili kwa thamani, na ya kwanza kwa jasho. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la bustani, ndege wakaipenda, na sasa inafunga sakafu ya msitu kila mahali jua linapopenya. Mikaratusi ikikatwa na pasiwe na wa kufuatilia, inayorudi kwanza ni lantana.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufyeka. Panga likipita juu, kichaka kinatoweka, kikundi kinapiga makofi, na baada ya mvua moja kisiki kinatoa machipukizi kumi pale palipokuwa na shina moja. Kufyeka lantana ni kuipogoa. Njia inayofaa ni hii: kata matawi kwa kiasi cha kukufikisha shinani, bila kumaliza nguvu zako huko juu. Fukua pembeni ya shina kwa jembe la uma hadi uone shingo, yaani pale shina linapogeuka kuwa mzizi. Kata mzizi mkuu sentimita tatu hadi tano chini ya shingo hiyo. Inua kisiki chote, kikung'ute udongo, kisha kigeuze miguu juu na ukiweke juu ya matawi yake mwenyewe, mizizi ikiangalia mbingu. Machipukizi hutoka kwenye shingo. Ukiitoa, mzizi unaobaki chini hauna pa kuchipukia. Tawi likiguswa na udongo wenye unyevu linaweza kushika mizizi, ndiyo maana rundo liwe moja na liwe juu juu. Kama kuna matunda meusi, rundo libaki pale pale. Kuliburuta msituni ni kupanda lantana njia nzima.

Kabla panga halijaanza, mtu mmoja atangulie kwa magoti. Chini ya lantana mara nyingi kuna miche ya asili iliyojiotea, na miche hiyo ina thamani kuliko yoyote ya kiriba, kwa kuwa imechagua mahali pake yenyewe. Mukinduri mchanga unatambulika kwa kugeuza jani: juu kijani, chini kweupe kwenye kung'aa kama fedha. Funga kitambaa chekundu au chomeka kijiti kirefu pembeni ya kila mmoja, kisha waite wenzako. Bila hivyo, kikundi cha watu 20 kitaua kwa asubuhi moja miti ambayo kikundi kingine kingelipia mwakani kuipanda.

Tahadhari na mfanano. Kuna vichaka vya asili vya jamaa ya lantana, hasa Lippia, vyenye majani ya kukwaruza na harufu nzuri, na mgeni huving'oa kwa moyo mmoja. Pitisha kidole chenye glavu kwenye shina: la lantana lina pembe nne na vimiba vidogo vilivyopinda, la Lippia halina miba. Maua ya lantana huchanganya rangi katika kichwa kimoja, njano na waridi au machungwa; ya Lippia huwa meupe au ya maziwa. Kama huna hakika, uliza. Swali moja ni sekunde kumi, kichaka ni miaka.

Wavamizi wengine wawili wa kufahamu ni Cestrum aurantiacum, yenye maua ya machungwa kama vijibomba na matunda meupe, na Solanum mauritianum, yenye majani makubwa ya sufi na matunda ya njano mviringo. Cestrum ni sumu kwa mifugo na huchipuka tena ikikatwa. Nayo hung'olewa na shingo yake. Solanum ikiwa ndogo hutoka kwa mkono, lakini majani yake hupeperusha vumbi la manyoya linalowasha koo na kukohoza. Funika pua na mdomo, na usiitikise.

Upungufu wa kazi hii, tuseme wazi, ni kwamba siku moja haitoshi. Ukifungua sakafu kwenye jua, mbegu zilizolala udongoni zinaamka zote. Eneo lililosafishwa lisiporudiwa baada ya mvua ya kwanza, miche ya lantana ikiwa bado chini ya kiganja na inatoka kwa vidole viwili, basi kazi yote imekwenda. Kwa hiyo ni bora kikundi kisafishe kipande cha mita 10 kwa 10 na kurudi mara tatu, kuliko kusafisha nusu hekta na kupotea. Pia si vizuri kuufungua msitu mzima kwa mkupuo: paa na pongo hujificha humo humo kwenye vichaka, kwa hiyo fanya kwa vipande na uache hifadhi kati ya kimoja na kingine.

KUPANDA

Turudi kwenye mti na picha. Tangu serikali iweke lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, kupanda kumekuwa shughuli ya taifa. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu nzima ya kupanda. Tarehe hiyo ilichaguliwa vizuri, iko katikati ya mvua za vuli. Nairobi ina madirisha mawili tu: mvua za masika kuanzia mwishoni mwa Machi, na za vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Panda katika wiki tatu za kwanza, udongo ukiwa umelowa kina cha shubiri. Mche uliopandwa mwishoni mwa Mei unaingia kiangazi kabla mizizi haijatoka nje ya shimo lake.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande na 45 kwenda chini. Udongo mweusi wa juu uwekwe kushoto, mwekundu wa chini kulia, wala usichanganywe. Udongo mwekundu wa huku ukichimbwa ukiwa na maji hulainika ukutani mwa shimo kama chungu kilichosuguliwa, na mizizi huzunguka humo isitoke. Kwaruza kuta kwa uma kabla ya kujaza. Rudisha udongo mweusi kwanza. Chana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, kitoe chote, na kitie kwenye gunia la kurudisha kitaluni. Hapa ndipo vikundi vyenye haraka hukosea: vinapasua chini tu, au vinapanda na kiriba kizima, na mti unabaki mfungwa wa mfuko. Shingo ilingane na ardhi. Ikizama, inaoza, ikibaki juu, mizizi inakauka. Kandamiza kwa kisigino, kisha vuta jani moja kwa vidole: likikatika mche ukiwa haujatikisika, umekaza vya kutosha. Tandaza majani makavu kuzunguka, upana wa hatua moja, lakini yakae mbali na shina kwa vidole vinne.

Nafasi ya mita 2 kwa 2 inatoa miti 2,500 kwa hekta, ya 3 kwa 3 inatoa 1,111. Nafasi ndogo inafunga kivuli mapema na kuinyima lantana jua, lakini inahitaji miche zaidi ya mara mbili. Pale penye jua kali waanze mukinduri, muringa na muu. Muthengera huingia baadaye, kivuli kikishapatikana.

Kinachoamua mwisho wa yote ni palizi ya miaka miwili hadi mitatu inayofuata. Nyasi huunyang'anya mche maji kabla ya jua kuufikia. Kila mche unahitaji duara safi la nusu mita kila upande, mara tatu kwa mwaka angalau, kwa mkono au jembe dogo, maana fyekeo huchuna gome la shina changa na mti hufa mwezi mmoja baadaye bila anayekumbuka sababu. Kampuni inayolipia kupanda iulize swali moja kabla ya kutoa hela: bei ya mche inajumuisha matunzo ya miaka mingapi? Kama jibu ni sifuri, punguza idadi ya miche kwa nusu na hela inayobaki iwe ya palizi.

MAMBO YA SAFARI

Panga mapema na ofisi ya msitu, usitokee tu langoni na watu 40; kazi ya kweli inahitaji msimamizi, zana na mahali palipotengwa. Thibitisha pia ada na njia ya kulipa, kwa kuwa taratibu hubadilika. Upande wa Limuru Road unafikika kwa matatu za Ruaka na Banana. Vaa suruali ndefu, mikono mirefu na buti, na ncha za suruali ziingie ndani ya soksi: mvua ikinyesha siafu hutoka, na ukisimama juu ya msafara wao utajua. Thabai nayo ipo kwenye mabonde. Glavu za ngozi kwa lantana, za pamba hazifai. Chanjo ya pepopunda iwe haijapita miaka 10. Maji yaje kwenye chupa ya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku misituni Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Chakula kifungwe mkobani. Kima wa Karura wanafungua mifuko ya karatasi upesi kuliko wewe.

Kwa alama zetu, kitalu kinapata 9 kati ya 10, kung'oa lantana 8 kwa atakayerudi na 3 kwa asiyerudi, kupanda 7 ndani ya wiki tatu za mwanzo wa mvua na 2 nje yake. Vikundi vingi huomba tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, na huomba kupanda. Juni mvua zimekatika na miche ikipandwa siku hiyo inakwenda kukauka, lakini udongo bado ni laini na shingo ya lantana hutoka kwa nusu ya nguvu. Ombeni tarehe hiyo hiyo, na mje na majembe ya uma.